Aliyebeba Kimondo

Baba yangu alikuwa mchora mabango, na kwa misimu mitatu mfululizo alishika mkia katika mchezo aliotuletea yeye mwenyewe. Nasema mapema ili nisije nikaambiwa namsengenya marehemu. Simsengenyi. Kila mtu aliona.

Mchezo wenyewe ni wa visahani vya plastiki. Unarusha kisahani kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo, kikiingia unahamia kikapu kinachofuata, na mwenye mitupo michache ndiye bingwa. Vikapu ni kumi na viwili, vimetawanyika kwenye nyasi nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani. Sisi wachezaji tulikuwa kumi na wawili pia, na kila mmoja alining'iniza kibao kwenye mkoba wake. Vibao hivyo baba alivikata kutoka mabaki ya mabango, akachora juu yake anga zima: namba moja Jua, namba mbili Mwezi, kisha Zuhura, Mirihi na wenzao, mpaka namba kumi na moja, Utaridi, na ya mwisho kabisa, Kimondo.

Kila Jumamosi vibao vyote vinamwagwa mezani, watu wanacheza, halafu kila mtu anaokota kibao cha nafasi aliyoipata. Jua linahama nyumba, Mwezi unahama nyumba. Tulikuwa hata tunaitana kwa vibao. Mtu ni mwalimu wa udereva siku sita, siku ya saba unamsalimia, "Habari za leo, Zohali?" naye anaitika bila kucheka. Msimu ukiisha, kibao ulichoshika siku hiyo ni chako maisha yako yote, na baba anaanza kuchora vingine.

Sheria alizoandika baba zilikuwa mbili tu. Anayekosea makusudi, kibao chake kinakatwa vipande viwili mbele ya watu. Na kisahani kikitumbukia kwenye bwawa la kikapu cha kumi na mbili, unaongezewa mtupo mmoja wa adhabu, na sababu inaandikwa kwenye daftari. Daftari alilishika mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye anafanya kazi duka la dawa na hajawahi kusahau kitu alichoambiwa. Humo utakuta kila aina ya visingizio: mkono uliteleza, nzi aliniingia jichoni, simu iliita. Kwa baba ni neno moja, ukurasa baada ya ukurasa. Upepo. Aliandikisha upepo hata siku ambazo moshi wa jikoni ulikuwa unapanda wima.

Nilikuwa naona aibu. Mimi ni fundi wa kukata vioo, mtu wa milimita, na Jua lilikuwa limekaa kwenye mkoba wangu tangu msimu uanze. Nilimwambia afanye mazoezi, nikamwambia anunue visahani vipya, siku moja nikamwambia mbele ya watu kwamba ananitia haya. Alicheka tu.

"Mpanda ngazi hushuka, binti yangu," alisema. "Tena hao wenzako wote wanakaa huko juu wanajishaua. Kimondo peke yake ndicho kinachokuja kutembelea watu."

Miezi minne iliyopita alikuwa anachora bango la duka la mikate, akashuka ngazi apumzike kidogo, akaketi, asiinuke tena. Bango lile mpaka leo limeishia katikati ya herufi, na mwenye duka hataki mtu mwingine alimalizie. Kimondo kikawekwa kwenye kopo la biskuti kwa mama mdogo. Kisha mama mdogo akatangaza kwamba siku ya mwisho ya msimu kitarudi mezani na Utaridi ndiyo itakaa koponi, maana tumebaki wachezaji kumi na mmoja, na baba hakuwa mtu wa kupenda kitu chake kifungiwe.

Nilikitaka Kimondo kile. Nyumbani kulikuwa na brashi zake na Vimondo vyake vya misimu miwili ya nyuma, na koti lake bado liko nyuma ya mlango, lakini hiki ndicho kilichokuwa kikigonga kifungo cha chuma cha mkoba wake mara ya mwisho akitembea mbele yangu, tik, tik, tik, nami nyuma nimenuna. Kuomba hairuhusiwi. Kilikuwa kinapatikana kwa njia moja, kushika mkia, nami sikuwahi hata kukaribia mkia. Nikijikosesha, kitakatwa vipande viwili mbele ya macho yangu. Nikakaa usiku mbili tatu nikifikiri, nikapata ujanja: nitacheza na mkoba wa baba. Ndani mlikuwa na visahani sita vilivyochakaa, kimoja kimetafunwa ukingo na mbwa wa jirani. Kucheza kwa moyo wote na vifaa vibovu si kosa. Sheria haikusema lolote juu ya vifaa.

Jumamosi ile uwanja ulikuwa na ukungu mwembamba, na mwezi wa mchana ulikuwa bado umebaki juu, mweupe, kama umesahauliwa na mtu. Hakuna jani lililotikisika. Mama mdogo alisimama juu ya tofali lake na kusema maneno ambayo zamani alikuwa anayasema baba, "Anga liko wazi," tukaanza.

Kisahani cha kwanza nilikirusha kwa nguvu zangu zote kama nilivyozoea, kikapinda, kikaangukia kichakani. Nilifurahi moyoni. Cha pili vilevile. Kwenye kikapu cha tatu nikakumbuka jinsi baba alivyokuwa akirusha, polepole, kama mtu anayempitishia mgeni sahani ya chakula mezani. Sikukusudia kumwiga. Mkono ulijifanyia wenyewe. Kisahani kikaondoka bila sauti, kikapanda ndani ya ukungu na kukaa kule juu, kikizunguka, muda mrefu kuliko inavyowezekana, mpaka nikaona kama ni uwanja ndio unaosogea chini yake na sisi tumo humo tunasafiri. Halafu kikashuka. Minyororo ikalia.

Baada ya hapo nilisahau kabisa kwamba nimekuja kushindwa. Nilikuwa natembea kwenye nyasi zenye umande nikisikia miguu haina uzito, na kila nilichokirusha kilijua kinakokwenda. Kufika kikapu cha nane nilikuwa naongoza, na mwalimu wa udereva, msemaji wetu mkuu, alikuwa anahesabu mitupo yangu kwa vidole.

Nikamvuta mama mdogo pembeni, nikamuuliza visahani hivi vibovu vina nini.

"Nani kakwambia vibovu?" alisema. "Vimelainika. Baba yako alikuwa hapa kila Alhamisi asubuhi, kabla hajafungua karakana. Kuna siku alimaliza kwa mitupo thelathini na moja."

Rekodi yangu mimi ni thelathini na nne.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka macho yakaniuma, kwa sababu mtu aliyefanya hivyo alikuwa akicheka tu nikimfokea mbele za watu. Nikasema, kwa hiyo alikuwa anavunja sheria yake mwenyewe kila Jumamosi. Mama mdogo aliniambia nikumbuke msimu wa kwanza, na Dobi.

Nikakumbuka. Dobi ni yule mpole anayefua mashuka ya hospitali, mikono imekunjamana kwa maji, maneno ya kuhesabu. Msimu ule wa kwanza alishika mkia wiki sita mfululizo. Tulimtania, na mimi nilitania kuliko wote, kisha akaacha kuja. Jumamosi tatu hatukumwona. Baba akaenda kwake kumtembelea, na wiki aliyorudi Dobi, baba ndiye aliyeshika mkia. Na wiki iliyofuata. Mimi nikasema mzee macho yameanza kuisha.

Tulipofika kikapu cha kumi na mbili, wengine wote walikuwa wamemaliza na kuketi ukingoni mwa bwawa. Tulibaki mimi na mwalimu wa udereva. Dobi alikuwa na mitupo arobaini na sita, wa mwisho, ameweka kadi yake gotini na anaitazama kwa lile tabasamu la mtu anayesubiri kung'olewa jino. Wiki ile alikuwa amemwambia mama mdogo kwamba msimu ujao huenda asiweze, kazi imebana. Kazi haikuwa imebana hata kidogo.

Mimi nilikuwa na thelathini na tano. Hata nikiboronga kidogo, Jua ni langu, Jua la mwisho alilochora baba. Nilisimama pale na mkoba wake begani. Asubuhi nilikuwa nimetoka nyumbani nikitaka kitu chake. Sasa nilikuwa namtaka Dobi arudi msimu ujao, na hilo lilinishangaza, maana sijawahi kuwa mtu mwema sana.

Nikarusha. Kisahani kikaingia majini katikati kabisa ya bwawa.

Mama mdogo akaja na daftari, akafungua kalamu. "Sababu?"

Juu yetu mwezi wa mchana, na majani yote yametulia.

"Upepo," nikasema.

Akaandika. Nikarusha cha pili, kikazama. Upepo. Cha tatu, upepo. Watu ukingoni wakageuka kutazama. Mwalimu wa udereva akajongea, na nilijua anaijua sheria, na midomo yake haijawahi kushindwa na mtu. Akafungua mdomo, akaufunga. Akalamba kidole, akakiinua juu, akakishikilia hapo kitambo.

"Kweli," akasema. "Unavuma."

Mtu mmoja kule ukingoni akashika kofia yake isipeperuke. Cha nne. Cha tano. Kila kimoja mitupo miwili, pamoja na adhabu. Nilibaki na kile kilichotafunwa na mbwa, na hicho nilikirusha kwa moyo wangu wote, taratibu, kwa mgeni aliye upande wa pili wa meza. Kilivuka maji, kikatua mguuni mwa kikapu, nikaenda nikakiokota, nikakidondosha ndani ya minyororo. Arobaini na saba.

Jua likaenda kwa mwalimu wa udereva, ambaye alilipokea kwa mikono miwili bila kujisifu. Mama mdogo akanikabidhi Kimondo. Baba alikuwa amekichorea mkia mrefu wa rangi ya chungwa, na rangi ilikuwa imelika pale kinapogonga kifungo cha mkoba.

Nilipogeuka, Dobi alikuwa amekunja suruali na ameingia bwawani, maji ya magoti, anapapasa chini kama mtu anayetafuta soksi kwenye beseni. Akaviokoa vyote vitano, akavikausha kimoja kimoja kwa shati lake, akaniletea.

"Nilidhani ule upepo ulikufa naye," alisema.

Nilivipokea, nikavirudisha mkobani.

"Nilijua tangu alipoanza," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu aliona raha. Lakini miaka mitatu peke yake, dada, ni mingi." Akakishika Kimondo kilichokuwa kinaning'inia kwenye mkoba wangu, akakipima uzito kwenye kiganja chake kilichokunjamana. "Msimu ujao tupokezane. Wiki yako, wiki yangu."

Mama mdogo alikuwa bado hajafunga daftari. Alimuuliza Dobi kama aandike jina lake kwa msimu ujao, na Dobi akasema aandike.