Chini ya Sekunde Kumi

Roberta Stachowiak, ambaye watu wa pande zile za Ohio walimwita Bobbie tu, aliwapikia watoto wa shule chakula cha mchana kwa miaka thelathini na mmoja. Siku aliyostaafu, walimu walimpa saa ya ukutani, na mumewe Duane akampa injini. Aliikuta inaning'inia kwenye mnyororo katikati ya gereji yao, imefungwa utepe mwekundu, naye akalia kuliko alivyolia kwenye hotuba za kumuaga.

Miaka mitatu walishinda gerejini wakiliunda upya gari la Bobbie, Chevelle ya mwaka 1970, aliyoinunua akiwa msichana na kuingia nayo kwenye ndoa. Rangi ya kijani na mistari miwili myeupe hawakuigusa. Chini ya boneti, lakini, hakikubaki kitu cha kale: injini kubwa kuliko ya kwanza, kabureta yenye koo pana, ekzosi mpya, gia zilizoimarishwa. Nyuma walifunga tairi nene, zilizo kipara kwa makusudi ili ziing'ang'anie lami.

Jambo moja tu lilimkaa Bobbie rohoni. Katika robo maili ya uwanja wa mashindano ya magari wa Cutler, gari lilitumia sekunde kumi na ushei. Hata mara moja halikuwahi kushuka chini ya kumi, na Lyle, mdogo wake Bobbie, mkulima wa soya mwenye gari la manjano aina ya Plymouth, hakumwacha apumue.

"Dada, hiyo tisa unaijua kama mimi ninavyoijua Paris. Kwenye picha."

"Na wewe umeifikia lini?"

"Mimi siihitaji. Mimi nakusanya makombe."

Hapo Lyle alisema kweli. Cutler hawashindani kwa kasi peke yake. Kila dereva huandika kwenye kioo muda anaotarajia kuutumia, na mwenye gari la polepole hutangulia kuondoka ili mambo yawe sawa. Atakayefika kwanza ndiye mshindi. Lakini akienda kasi kuliko alivyoandika mwenyewe, ameshindwa papo hapo. Lyle alikuwa hodari wa kuijua Plymouth yake, nayo haikumsaliti.

Jumamosi ya mwisho ya msimu, mwezi wa Oktoba, Bobbie aliwatoa madereva watano, mmoja baada ya mwingine, akafika fainali kwa mara ya kwanza. Aliyekuwa akimsubiri huko ni Lyle. Bobbie aliandika 10.05 kwenye kioo, wakaitwa kwenye mstari. Ndipo wingu likafunika jua na upepo wa baridi ukashuka kutoka ziwani. Duane aliunyoosha mkono hewani kama anayepima maji ya kuoga, kisha akainama dirishani.

"Mke wangu, hewa imebadilika. Kwa baridi hii injini itavuta vizuri mno, utakwenda kasi kuliko ulivyoandika. Ukishampita Lyle, punguza mafuta kidogo, uteleze tu mpaka mwisho. Kombe letu hilo."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

"Nimesikia, Duane."

Taa ya kijani ya Lyle iliwaka kwanza, Plymouth ikachomoka. Bobbie alihesabu pumzi moja, taa yake ikawaka, akakanyaga. Magurudumu ya mbele yaliinuka, mgongo ukagandamana na kiti. Walipopita theluthi mbili ya njia alikuwa amemfikia mdogo wake, akampita, akaiona lami tupu mbele yake. Mguu ulijua la kufanya: kuachia kidogo. Lakini gari lilikuwa linaimba namna ambayo hakuwahi kuisikia, na Bobbie akaona kwamba akiachia sasa, atakufa bila kujua kama angeifikia tisa. Akakanyaga mpaka chini.

Ubao uliandika 9.97. Taa ya ushindi iliwaka upande wa Lyle.

Duane, ambaye mgongo wake haukumruhusu kukimbia kwa miaka minne, alikuja anakimbia.

"Umelitupa kombe," alisema akihema.

"Nimelitupa."

"Kwa makusudi."

"Kwa makusudi."

Duane alimtazama, kisha akaanza kucheka mpaka ikabidi ashike mlango. Lyle alishuka kwenye gari lake, akakuta umati wote umeizunguka Chevelle.

"Jamani, si nimeshinda mimi?"

"Umeshinda, mdogo wangu. Hongera."

"Mbona hakuna anayenitazama?" Hata hivyo alimkumbatia dada yake, akamwinua kutoka chini.

Msimamizi wa uwanja, mzee Pruitt, alipenya na karatasi zake, uso mkavu.

"Bi Stachowiak, anayeshuka chini ya kumi lazima awe na leseni maalumu, na fremu ya chuma yenye nguvu zaidi ndani ya gari. Mpaka uvipate, hapa huruhusiwi kukimbia."

"Unanifukuza?"

"Sheria inakufukuza."

"Kwa kuwa nina kasi kupita kiasi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niandikie hivyohivyo, na jina langu kamili."

Pruitt aliandika. Bobbie aliisoma karatasi kwa sauti. Lyle akaiomba, akaisoma tena kimyakimya, akairudisha taratibu.

"Mimi hawajawahi kunifukuza popote," alisema.

Walikula maharage ya pilipili na mkate wa mahindi nyuma ya pikapu ya Lyle, na kabla bakuli hazijaisha, Duane alikuwa ameshachora kwenye kitambaa cha karatasi mahali ambapo kila bomba la fremu mpya ya chuma lingepita ndani ya Chevelle.