Ndugu Dola-Jina

"Mama Ufagio!" karani wa mapokezi aliniita huku akicheka. "Huyu Ndugu Dola-Jina ni mgonjwa wa daktari gani?"

Nikachukua karatasi kwenye printa. Kadi arobaini za miadi, zote sawa: *Ndugu $jina, njoo saa $saa.* Zilitolewa na programu niliyoiandika mimi.

Miaka kumi na tisa nimefagia zahanati hii. Miezi minane nimesoma kompyuta jioni, na darasani mimi ndiye bibi yao. Muuguzi mkuu alikuwa ameniahidi: programu yangu ikitoa kadi sawasawa leo kabla ya saa kumi, nahamia masjala. Ikishindwa, nafasi anapewa mtu wa nje.

"Nitairekebisha," nilisema.

"Rekebisha, mama. Ila huyu Dola nisimwone tena kwenye foleni yangu."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Niliingia stoo ya ndoo, nikapiga magoti. Wagonjwa wetu nawaombea kwa majina, mmoja mmoja. "Wagonjwa wote" naona ni uvivu mbele za Mungu. Nikaanza na mzee wa miguu kuvimba, kisha binti wa kifafa, halafu nikakatiza sala. Kompyuta ilikuwa imefanya uvivu uleule. Kwa nini haikuyajaza majina?

Nikafungua daftari. Lugha ya kwanza ya kuandikia programu tuliyofundishwa haichagui: maneno uyafunge kwa alama moja ya kunukuu au mbili, ni yaleyale. Ile inayotumika kwenye kompyuta ya zahanati inachagua. Ukifunga kwa moja, kilichomo hutoka kama kilivyo. Ukifunga kwa mbili, hutazama ndani na kujaza jina la mtu penye $jina. Mwalimu alilisema hilo mara tatu. Mimi nilikuwa nimefunga kwa moja, kwa mazoea.

Nikabadili alama za mwanzo na mwisho wa mstari, nikabonyeza.

Karani akaivuta kadi ya kwanza. Kicheko kikamkatika. "Huyu si yule mzee wa miguu?"

"Ndiye."

Muuguzi mkuu alizipitia zote arobaini, kisha akatazama saa ya ukutani.

"Saa kumi kasoro dakika nne. Karani, Jumatatu dada huyu atahitaji kiti."

"Na ufagio, Sista?" niliuliza.

"Wa leo ni wako bado."

Nikafagia mapokezi hadi chini ya mabenchi, nikawahi darasani kumshukuru mwalimu. Mungu nilikuwa nimeshamshukuru njiani.