Aliyebaki Bi Harusi

Faidha alipoolewa na Salmini na kuletwa Masasi kutoka Kitangari, nyumbani kwa mumewe hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa bi harusi. Bi harusi ameamka? Bi harusi asishike sufuria, hina haijafifia. Mama mkwe wake, Bi Sikuzani, alilitamka neno hilo kwa kulivuta mwishoni, na Faidha alitabasamu chini ya kanga aliyojitanda mpaka kwenye paji la uso. Alijua ni jina la kupita. Bi harusi huitwa hivyo mpaka ajifungue, kisha huwa Mama Fulani.

Hina ikafifia. Misimu ya korosho ikaja na kuondoka. Sasa yeye ndiye aliyepika, aliyechota maji na kumkanda mama mkwe magoti, na bado aliitwa bi harusi. Hata muuza samaki wakavu alimwita hivyo mlangoni, na Faidha akaanza kuwatazama watu usoni kila walipolitamka, akitafuta kama wanacheka.

Mahmudu, mdogo wake Salmini, alipooa, Bi Sikuzani akawa anasema "mabibi harusi wangu", na kwa muda neno likapata tena ujana wake. Faidha na Shamila waliketi jamvi moja wakipepeta mbaazi, wakiitwa pamoja, wakiitika pamoja. Kisha Shamila akajifungua mtoto wa kiume. Hata kabla hajatoka kitandani alishakuwa Mama Anwari, na Faidha akabaki peke yake na jina lile.

Yeye na Salmini walikwenda hospitali ya Ndanda, wakapimwa wote wawili. Daktari hakuona kasoro, akawaambia wasikate tamaa. Korosho zilipoanza kudondoka, Faidha aliomba ruhusa akamsaidie mama yake kuokota. Akaenda Kitangari, na msimu ulipokwisha, hakurudi.

Kule aliitwa Faidha tangu alfajiri, na mwanzoni jina hilo lilikuwa tamu kama maji ya mtungini. Lakini jioni, akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, alijikuta ametega sikio. Alimkumbuka Salmini na mburuzo wa kandambili zake uani. Alimkumbuka hata Bi Sikuzani, jambo ambalo hakulitegemea.

Salmini alikuja kumfuata. Aliwaamkia wakwe, akala, kisha wakakaa nyuma ya nyumba wawili tu. Alimwambia kwamba nyumba imepooza, na mama anamuulizia kila siku.

"Nitarudi," Faidha alisema. "Ila bi harusi sitaki kuitwa tena. Nikiitwa hivyo najiona kama mgeni aliyesimama mlangoni, na hakuna anayemwambia apite."

Salmini akasema atazungumza na mama yake. Faidha akakataa, atasema mwenyewe.

Walipofika Masasi walimkuta Bi Sikuzani amekaa mkekani. Faidha akapiga goti, akampa shikamoo.

"Marahaba, bi harusi wangu."

Faidha akasema alilokuja kulisema, polepole, macho chini. Bi Sikuzani alinyoosha mguu wake unaomsumbua, akautazama. Kisha akasimulia kwamba yeye pia aliitwa bi harusi kwa miaka mingi kabla ya kumpata Salmini, na miaka ile ndiyo aliyotunzwa.

"Siku niliyoitwa Mama Salmini, hakuna aliyeuliza tena kama nimekula," alisema. "Nikadhani nakuwekea kitu kizuri."

"Ni kizuri, mama. Ila kinaniuma."

Bi Sikuzani alitikisa kichwa taratibu. "Haya, Faidha," akasema, na jina likamtoka kwa uzito, kama la mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Ingia ndani upumzike."

Kesho yake asubuhi Shamila alikwenda kufua, akamwachia Faidha mtoto. Anwari alihangaika kidogo, akashika ukosi wa gauni la Faidha, akasinzia kifuani pake. Mwili wake ulikuwa wa moto na mzito kuliko alivyodhani. Angeweza kumlaza ndani, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Alikaa naye barazani, asijitikise, mpaka Shamila akamaliza kuanika nguo zote.