Kidirisha cha Roho

Kutoka kwenye kikanisa cha njiani walipokwama Filomena na mjomba wake, nyumba ya mama yake Filomena ilionekana yote, moshi na kila kitu. Kati yao na nyumba hiyo palikuwa na korongo moja tu. Wakati wa kiangazi unalivuka kabla kiko chako hakijazimika. Sasa lilikuwa limejaa theluji mpya, na upepo wa joto ulikuwa ukiilegeza tangu asubuhi.

"Hatuvuki," alisema Mjomba Moritz, akachomeka fimbo yake. "Mpaka jua lizame, baridi iikaze."

"Mjomba, mama anakata roho!"

"Ni dada yangu yule, unadhani nimesahau? Na teremsha sauti, utaiamsha."

Ndivyo walivyolelewa kijijini Hohbiel: chini ya mlima uliojaa theluji hakuna kupiga kelele, sauti isije ikaiporomosha ikazika watu. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kusali. Saa nne nzima walikuwa wamepanda kwa miguu, theluji mapajani, tangu mdogo wake Serafina alipopiga simu posta ya bondeni: njoo, anakuulizia wewe. Miaka sita mama na binti hawakusemezana, kisa mwanamume ambaye hata hakufaa kitu. Majuto ni mjukuu, na wa Filomena alikuwa ameshaota meno. Alitaka kusema neno moja tu, nisamehe, na mama alikuwa hapo ng'ambo!

Alivua kitambaa chake chekundu, akakipunga, akakipunga mpaka bega likamuuma. Macho hayakubanduka kwenye kile kidirisha kidogo juu ya kitanda cha mama. Kila nyumba ya kule inacho, hakizidi mkate kwa ukubwa. Hufunguliwa mtu akifa tu, roho ipate pa kutokea, kisha hufungwa haraka isije ikarudi.

"Bado kimefungwa," alinong'ona.

"Nakiona."

"Na jua hili nalo, limegandia wapi?"

"Kula jibini, mwanangu."

"Kula wewe!"

Moritz hakula. Kipande kile alikuwa amekishika tangu walipofika.

Saa tisa alasiri kidirisha kikafunguliwa.

Filomena akafumbua kinywa. Mjomba alimwahi, akamziba kwa glavu yake ya sufu, akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Jamani, aliing'ata ile glavu mpaka mkono wa mzee ukatoka damu! Wakalia wote wawili bila sauti, kama walivyofundishwa.

Jua lilipozama walivuka mmoja mmoja. Theluji haikutikisika.

Ndani, Serafina alikuwa amekaa sakafuni. Kidirisha kilikuwa bado wazi, chumba baridi tupu.

"Nimeshindwa kukifunga," alisema. "Alikiona kitambaa chako, Filomena. Nilimwinua kidogo achungulie kiooni. Akasema, 'Mwambie huyo mpumbavu asivuke.' Nilitaka kukuita. Ningekuitaje, na theluji ile?"

Filomena akapanda kwenye ukingo wa kitanda, akasukuma uso kwenye kidirisha, akapiga ukelele ambao Hohbiel haijawahi kuusikia wakati wa baridi.

"Mama! Nisamehe, mama!"

Sauti ikagonga mlima wa pili, ikamrudia. Korongoni hakikushuka kitu.

"Funga sasa, mwanangu," alisema Moritz. Lakini safari hii hakumziba kinywa.