Lango Alilolifunga Nyundo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwalimu wa hesabu. Ukimkatalia jambo habishani nawe, anakaa kimya mpaka ulikubali mwenyewe. Jumamosi ile alifika kwenye duka langu la kushonea nguo saa nane mchana, akaweka kopo la biskuti juu ya meza ya kukatia, akasema taratibu, "Dada yako anakuja. Amekubali kwa mara hii moja tu. Usiniharibie."

Nilijifanya natafuta chaki.

Kopo lile halijaona biskuti siku nyingi. Ndani mna karatasi za watu ambao hawajawahi kuishi. Kwa miaka sita tulikutana kila Jumamosi, watu wazima wanne, kucheza mchezo wa kuigiza mezani. Shemeji ndiye Msimulizi: anatubunia nchi yenye mazimwi na mahandaki. Sisi wengine kila mmoja ana mhusika wake, tunasema anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Ramani tunaichora kwa chaki juu ya kitambaa cheusi, na mwendo wa safari tunaupima kwa tepu yangu ya kushonea. Sheria zetu ni mbili na hazipindishwi. Mdomo wa mhusika ni wa mwenyewe, hakuna wa kumsemea. Na kilichotiwa sahihi kikaingia kwenye kopo hakibadiliki, hata Msimulizi hana ubavu nacho.

Mhusika wangu alikuwa Nyundo, mhunzi wa ukoo wa mlimani, mfupi, mkaidi, ndevu hadi kiunoni. Wa dada alikuwa Majani, mganga aliyemfufua Nyundo mara kumi na moja na kumsimanga mara zote kumi na moja.

Dada ni mkunga. Siku ya mwisho ya mchezo ule, miaka mitatu iliyopita, kuna mapacha walikuwa hawataki kutoka, naye akachelewa saa mbili nzima. Mimi nikapandwa na hasira. Nikasema Nyundo anafunga lango la mlima, Majani akiwa bado ndani, nikaandika na kiapo: lango hili halitafunguliwa maadamu Nyundo yu hai. Nikatia sahihi, nikakitumbukiza kwenye kopo. Dada alipotokea na sare yake ya kazini, anahema, nilimwambia neno moja tu, "Umechelewa." Kisha nikamfungia na mlango wa duka.

Tangu hapo tumekuwa watu wa heshima. Tunasalimiana vizuri misibani, ananiuliza habari za kazi, namuuliza za watoto. Dada aliyenicheka suruali zangu tangu utotoni sasa ananiita "fundi". Nilimkumbuka mno, na sikuwa na mdomo wa kumwambia.

Aliingia saa nane na nusu, akaketi pembeni kabisa, mkoba mapajani kama mtu aliyepitia tu. Fundi Redio, jirani yangu anayetengeneza redio na kumaliza karanga zangu, alimsogezea bakuli. Hilo peke yake lilikuwa jambo la kihistoria.

"Nchi ni ile ile," Msimulizi alianza, "ila imepita miaka sabini. Nyinyi ni watu wapya."

Dada alikuwa tarishi, mimi mwizi wa mbuzi. Fundi Redio alikuwa mwimbaji asiyejua kuimba, na hapo hakuhitaji kuigiza. Tulifika kwenye mji uliokumbwa na homa. Katikati ya uwanja palikuwa na sanamu.

"Ya nani?" niliuliza, ingawa moyo ulishaniambia.

"Ya Nyundo. Watoto wa mji huu nusu wanaitwa Nyundo."

Nikavimba kichwa, sikatai. Nilitaka kujua ndevu zimechongwa vipi. Fundi Redio akaimba ubeti wa sifa, wa kutisha, na nikamwomba arudie.

"Na yule mganga aliyekuwa naye?" tarishi akauliza. "Sanamu yake iko wapi?"

"Hana," alisema Msimulizi. "Ila dawa ya homa anaijua yeye tu. Yuko nyuma ya lango la mlima, na humo ndani watu hawazeeki."

Tukapima safari kwa tepu, tukafika. Mbele ya lango, juu ya kigoda, alikuwa ameketi Nyundo mwenyewe, ndevu nyeupe, analinda. Msimulizi akaniangalia. Mdomo ni wa mwenyewe.

"Mzee, shikamoo," alisema dada kwa sauti ya tarishi. "Tunaomba utufungulie."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haiwezekani." Nikatoa kiapo kwenye kopo, nikakisoma chote, kiburi bado kimo. Fundi Redio akauliza kama tunaweza kuchimba pembeni. Msimulizi akasema hapana. Fundi Redio akauliza tena kama Nyundo anakaribia kufa. Msimulizi akasema ukoo wa mlimani huishi miaka mia tatu, na huyu amebakiza sitini.

Dada hakuangalia kiapo. Aliniangalia mimi. "Kwa nini ulilifunga, mzee?"

Nikaanza kusema mazimwi yalikuwa yanakuja. Uongo. Yalikuwa mbali mwendo wa siku mbili, na kila mtu pale mezani alijua.

"Nilikasirika," Nyundo alisema. "Nilimsubiri, nikaona amenidharau. Sikumuuliza alikuwa wapi."

"Haya, mzee. Baki na kiapo chako." Dada akafunga zipu ya mkoba, akasukuma kiti nyuma.

Nilijua akitoka safari hii harudi tena. Nikaivuta karatasi ya Nyundo, miaka sita ya kufuta na kuandika, imekuwa nyepesi hadi unaona meza upande wa pili. Penye uhai niliandika sifuri.

"Nyundo anaweka kigoda pembeni," nilisema. "Anaegemea lango, anafumba macho, anakufa."

"Bila dadu?" aliuliza Msimulizi.

"Bila dadu." Nikatia sahihi, nikaiweka kwenye kopo. Iliniuma, tena sana.

"Lango linafunguka," alisema Msimulizi.

Nikatoa karatasi ya Majani, nikaisukuma hadi mwisho wa meza. Dada alivaa miwani akaisoma yote, bila haraka. Sote tulisubiri. Hata Fundi Redio aliacha kutafuna.

"Umechelewa," Majani alisema. "Miaka sabini. Mimi nilichelewa saa mbili."

"Nisamehe, dada."

"Mimi si dada yako, mimi ni Majani." Akainama chini ya meza, akaitazama suruali yangu kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. "Dada yako atakuja Jumamosi ijayo, akimaliza zamu. Huenda akachelewa. Usifunge mlango."