Nani Ameigusa Alto

Wanakwaya walimwita Mama Nota, na hata mjukuu wake alipoanza kutamka maneno alimwita hivyohivyo, kana kwamba bibi ni cheo kidogo mno kwake. Mchana alikuwa fundi cherehani mwenye chumba chake nyuma ya posta. Nyumbani, kwenye kona ya sebule, alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoifunika kitambaa cha kudarizi, na humo ndimo alimotungia nyimbo.

Jumamosi moja asubuhi aliifungua ili achapishe wimbo mpya ambao kwaya ingeanza kujifunza jioni ile. Ulikuwa wimbo wa kuaga marehemu. Aliupitia kwa macho huku akiuimba kimoyomoyo, na alipofika kwenye neno "pumzika" akasita. Sauti ya pili, yaani alto, yeye aliiandikia fa. Sasa ilikuwa so.

Akaimba fa yake, kisha akaimba ile so ngeni. So ilikaa vizuri zaidi, kama kola iliyopigwa pasi. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kompyuta ikiwa mbovu huharibu kazi ya mtu. Hii ilikuwa imetengeneza.

Alijiambia kuwa ni uzee. Akachapisha, akaenda zake mazoezini. Lakini katikati ya wiki alipofungua wimbo mwingine, alikuta besi imeshushwa sehemu mbili, na pembeni pameandikwa kuwa faili limebadilishwa jana mchana. Jana mchana yeye alikuwa katika chumba chake cha kushonea, futi ya kupimia shingoni, akibishana na mteja juu ya mikono ya gauni. Nyumbani alikuwa mkwewe tu, mke wa mwanawe, na mtoto wao mdogo.

Alimkuta jikoni akichambua mboga.

"Mwanangu, jana hukuigusa kompyuta yangu?"

"Naifuta vumbi, mama. Kila siku naifuta vumbi."

"Vumbi la nje, au na la ndani?"

Mkwe alicheka akidhani ni utani. Alipoinua macho akaona uso wa mama mkwe, kicheko kikamfia mdomoni.

Tangu hapo nyumba ikapoteza raha. Mama Nota alianza kuangalia kama kiti kimesogezwa na kama kitambaa kimekunjwa alivyokiacha. Akakumbuka kwamba mkwe aliwahi kusema nyimbo zile humlaza mtoto, na jambo hilo, ambalo siku ile lilimfurahisha, sasa akaliona kuwa ushahidi. Kila alichofanya binti wa watu kikawa na maana ya pili. Akinyamaza, anaficha. Akiongea sana, anajipendekeza.

Jumapili, wakiwa mezani watatu, Mama Nota alishindwa kuyazuia.

"Mimi simnyimi mtu kitu changu," alisema. "Mtu akitaka kompyuta aseme, nitampisha. Ninachokataa ni kuingiliwa kinyemela na kuchokolewa kazi zangu."

Mwanawe aliinamia sahani kama anayetafuta mwiba wa samaki, na chakula chenyewe kilikuwa maharage.

"Mama," mkwe alisema polepole, "mimi do na re kwangu ni kitu kimoja. Nikiimba, hata mtoto analia. Hizo nota nitazibadilishaje?"

"Basi ni paka."

"Ulipoteguka mguu nilikubeba mgongoni mpaka bafuni. Leo nimekuwa mwizi?"

"Sikusema mwizi."

"Hukulitaja neno tu, mama. Mengine yote umeyasema."

Kesho yake mkwe alimfunga mtoto mgongoni, akabeba mfuko mmoja, akasema anakwenda kwao kupumzika kidogo. Hakupiga kelele. Laiti angepiga, Mama Nota angepata la kumjibu. Mwanawe alimsindikiza, na aliporudi alimsalimia mama yake kwa adabu zote, akaingia chumbani kwake.

Mama Nota alifunga sebule kwa ufunguo. Ufunguo akaubana kwa pini ndani ya gauni. Basi, alijisemea, sasa tutaona.

Na akaona kweli. Alhamisi alirudi mapema, jua bado kali, akafungua mlango, akaufunga nyuma yake, akafungua kompyuta na wimbo wake wa kuaga marehemu. Alikuwa amekaa, mikono yote miwili mapajani, wakati nota moja ya tena, yaani sauti ya tatu, iliposogea. Ilipanda ngazi moja, ikatulia. Kisha ya pili yake ikafuata, bila haraka, kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

Aliutazama mlango, umefungwa. Alitazama chini ya meza, jambo lililomtia aibu baadaye, maana sijui alitegemea kumkuta nani. Lakini hakuwa mwoga. Alivuta kiti karibu, na mahali pa kuandikia maneno ya wimbo, chini ya nota, akaandika: "Nani yuko humu?"

Hakuna kilichosogea. Alisikia feni ya kompyuta ikivuma. Mwishowe herufi zikaanza kutokea moja moja:

"Ile fa yako ilikuwa inagombana na mi ya tena."

Mama Nota aliinuka, akachomoa waya ukutani.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka mtaa wa pili, mwenye desturi ya kuongea zaidi na mashine kuliko na wenye mashine. Alikuja jioni ileile, akakaa, akapekua huku na huku, akaguna.

"Dada, hapa hakuna aliyevunja mlango," alisema. "Nyimbo zako hazikai humu ndani tu. Zinahifadhiwa mtandaoni pia, kwenye akaunti. Anayeijua nywila anazifungua popote alipo, kwa kompyuta yake mwenyewe. Huyu ameingia kwa ufunguo. Hii akaunti nani alikutengenezea?"

Mama Nota alikaa kwenye ukingo wa kochi.

"Kaka yangu," alisema.

Kaka yake ndiye aliyemfundisha nota, tangu yeye akiwa mtoto wa kusimama juu ya ndoo ili aione karatasi. Ndiye aliyeianzisha kwaya, ndiye aliyeiongoza miaka na miaka, na ndiye aliyeileta kompyuta hii ili watunge pamoja. Alikuwa na sikio la ajabu na hasira za ajabu zaidi. Watu walipomchoka, walisubiri asafiri, wakapiga kura, wakamchagua mdogo wake. Naye akakubali. Kaka aliporudi alimpa mkono mbele ya wote, akasema, "Hongera, mwalimu," akatoka. Alizoea kumwita Kitinda, kwa kuwa ni kitinda mimba. Siku ile alipomwita mwalimu, Mama Nota alijua amefukuzwa undugu. Hawakusemezana tena.

"Nimfungie?" fundi aliuliza. "Tukibadilisha nywila, haingii tena."

Mama Nota alimfikiria mjukuu wake asiyekuwepo, na kitanda chake kitupu chumba cha pili. Hasira ikampanda. Yaani mtu amekaa kwake, anaingia nyumbani mwangu mchana kweupe bila hodi, anavuruga familia yangu, halafu anang'ang'ania fa na mi!

"Mfungie," alisema.

Asubuhi hakufungua kazini. Alikwenda moja kwa moja kwa wakwe zake, akakaribishwa, na kabla hata ya kuketi akasema mbele ya wazazi wa binti yale aliyokuja nayo: kwamba amemsingizia mtoto wao, kwamba aliyeingia amejulikana na si yeye, na kwamba anaomba msamaha. Mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, akimnyonyesha mtoto.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Lakini niache nikae kidogo. Nikirudi leo, nitarudi na kinyongo."

Akarudi mikono mitupu. Na ndipo, siku chache baadaye, wifi yake, mke wa kaka, aliposimama mlangoni pa chumba cha kushonea. Alikuwa amekonda. Hakutaka kiti.

"Wifi, umemfungia kaka yako," alisema.

"Nimemfungia, ndiyo. Na mwambie akitaka kunisemesha, ana mdomo."

"Mdomo anao." Wifi alishika ukingo wa cherehani. "Sauti ndiyo hana. Alikuwa na uvimbe kooni. Wamemkata, wameondoa kila kitu. Anapumulia tundu hapa." Aligusa chini ya shingo yake. "Alituapisha tusikwambie. Tangu atoke hospitali haongei na mtu, hata kwa kuandika. Anakaa kwenye kompyuta anasikiliza nyimbo zako. Nilidhani anasikiliza tu, wallahi. Juzi nimemkuta kaikodolea macho kompyuta inayomkatalia nywila, mpaka nikaogopa."

Mama Nota alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu.

"Twende," alisema.

Walimkuta kwenye chumba cha mbele, amevaa shati lililopigwa pasi na skafu shingoni. Yule mtu mrefu aliyekuwa akifika tu ukumbini watu wanasimama wima alikuwa amebaki mabega. Alipomwona mdogo wake, midomo yake ilitengeneza neno bila sauti. Kitinda.

Mama Nota alikuwa ameandaa maneno ya pole njia nzima. Yaliyotoka ni mengine.

"Unajua ulichonifanyia? Mke wa mwanangu kaondoka na mtoto wake kwa ajili yako! Nimemsingizia kwa mdomo wangu huu!"

Wifi alimvuta mkono. Kaka aliinamisha kichwa. Kisha akavuta kompyuta yake ndogo, akaandika, akaigeuza ili asome.

"Nilitaka kusikia tu. Halafu nikaiona ile fa."

Mama Nota alicheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, akalia kama anavyolia mtu asiyejali nani anamtazama. Alipoweza kusema aliuliza, "Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

Kaka aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Ningekwambia kwa sauti ipi?"

Walikaa. Wifi alileta chai, ikapoa. Baada ya muda kaka aliandika kwamba wanakwaya hawakukosea kumwondoa, kwamba alikuwa akiwarushia vitabu, mpaka siku moja kikampiga mama mjamzito begani, na bado alimaliza mazoezi. Mama Nota alisoma na hakumbishia. Hakumfariji pia. Alisogeza kiti chake mpaka bega lake likagusa la kaka, akasema, "Hebu nionyeshe hiyo nota ya tena."

Lakini kabla ya nota yoyote, kaka alisimama, akachukua kofia. Akamwonyesha wifi simu yake aisome kwa sauti: "Kwanza nipelekeni kwa huyo binti."

Kwa hiyo Mama Nota alirudi kwa wakwe zake mara ya pili, safari hii na mzee mwenye skafu ambaye njia ilimchosha, akawa anasimama kila baada ya nyumba chache kupumua. Walipoketishwa, mzee alimpa mkwe simu. Binti alisoma maneno yaliyoandikwa: "Aliyeingia ni mimi. Wewe umetukanwa kwa kosa langu. Nisamehe, mwanangu." Akamtazama yule mzee, akaitazama skafu, kisha akampa mtoto ambebe.

Mkwe alirudi mwisho wa wiki. Alipika, alicheka na mumewe, alimwamkia mama mkwe kila asubuhi kwa heshima ileile. Kitu kimoja hakurudi kukifanya: kona ya kompyuta hakuisogelea tena. Alifagia sebule akaishia kwenye mguu wa meza. Mama Nota aliliona hilo siku ya kwanza, akachukua kitambaa akafuta mwenyewe, na hakumwuliza. Alijua si jambo la kuulizwa.

Kaka alipewa nywila mpya. Aliirudia kazi, na wakabishana kwa maandishi mpaka mwanawe Mama Nota akalalamika kuwa nyumba ina kelele ingawa hakuna anayesema. Jumamosi moja Mama Nota alimleta kaka yake mazoezini. Wale waliopiga kura walikuwa wengi bado. Walisimama mmoja mmoja, hawajui watazame skafu au sakafu. Naye aliwapungia mkono wakae, akaenda kuketi benchi la mwisho, karibu na dirisha.

Waliimba. Katikati ya ubeti wa tatu, besi walivuta pumzi pasipostahili, wakalikata neno vipande viwili. Kofi zito la kiganja likapiga benchi. Ukumbi mzima ukanyamaza, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akajikinga bega bila kufikiri.

Kaka aliuona ule mkono ulioinuliwa kujikinga. Akakishusha kiganja chake polepole, akakiweka gotini, na akamtazama mdogo wake.

"Besi," Mama Nota alisema, "mtavuta pumzi baada ya neno, si ndani yake. Tunarudia, taratibu."

Akahesabu, wakaanza upya.