Kifuniko cha Shimo la Emali

Oktoba 1994 Muthama alitumwa kukagua shimo la taka lililokuwa likifunikwa nje kidogo ya Emali. Chini ya takataka za soko kulikuwa na mapipa ya dawa kuukuu ya kuogeshea ng'ombe, yote yameliwa na kutu. Shimo lilitakiwa lifunikwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, unene wa kufika magotini, ili maji ya mvua yasipenye na kubeba ile sumu.

Kwa macho, kazi ilipendeza. Lakini Muthama alichukua sururu, akachimba upande wa bondeni. Udongo wa mfinyanzi ukaisha kabla tundu alilochimba halijameza kiganja chake. Chini yake palikuwa na mchanga mtupu.

"Jonah, hii ni nini?"

Jonah Ndululu, mkandarasi, alivua kofia. "Lori iliharibika. Nikaona mvua inakaribia, nikafunika na nilichokuwa nacho."

"Maji yatapita hapa kama kwa chujio."

"Najua. Lakini tukifungua saa hii halafu inyeshe, itakuwa mbaya zaidi. Tungoje mvua iishe, Bwana Muthama."

Muthama aliangalia juu. Hapakuwa na wingu. Kule bondeni lilikuwepo silanga, bwawa dogo ambapo Raho, au Mama Aftin kama alivyoitwa, mjane aliyefanya biashara ya mbuzi, alinywesha mifugo yake na kuteka maji ya nyumbani. Kifuniko kikiachwa hivyo, sumu ingevuja kidogo kidogo msimu mzima, na hakuna ambaye angejua.

"Fungua," akasema. "Udongo wa mfinyanzi uletwe kesho asubuhi."

Kesho yake lori lilifika, vibarua wakaanza kushindilia. Walikuwa hawajafika nusu mawingu yalipojaa upande wa vilima vya Chyulu. Mvua ilishuka na upepo, ikang'oa turubai walilotandaza juu ya shimo kabla halijafungwa. Maji yaliingia pale palipokuwa wazi, yakatokea chini meupe kama maziwa, yakinuka dawa, yakashika mtaro wa kuelekea silanga.

Muthama alikimbia akiteleza kwenye matope. "Mama Aftin! Toa mbuzi! Hayo maji ni sumu!"

Raho aliwachapa mbuzi wake kwa fimbo akipiga kelele, lakini waliotangulia walikuwa wameshakunywa. Walianza kutetemeka, povu likawatoka, wakaanguka mmoja mmoja. Kando ya Raho palikuwa na mtungi aliokuwa ametoka kuujaza. Muthama aliupiga teke ukapasuka.

Mvua ilipopungua Raho aliuliza, "Nani alifungua hilo shimo?"

"Ni mimi, mama."

"Na mchanga uliwekwa na mimi," Jonah akasema nyuma yao.

Raho alichuchumaa karibu na beberu mmoja aliyekuwa bado anapumua, akamshika pembe mpaka alipotulia.

Waliwachoma mbuzi wote waliokufa ili mtu asije akala nyama ile. Kuni zilikuwa zimelowa. Moto ulikataa, ikabidi Jonah anyonye dizeli kutoka kwenye lori lake. Wiki iliyofuata Raho alichukua waliobaki, akahamia kwa kaka yake Keinan huko Mwingi. Hakumuaga mtu.

Kifuniko kilikamilika Januari. Muthama alichimba tena upande ule wa bondeni, na udongo wa mfinyanzi ukafika magotini, mgumu, hauna ufa. Akamwambia Jonah kazi ni nzuri. Silanga lilikuwa limezungushiwa miiba, na maji yalikuwa yametulia humo, safi kwa macho, wala hapakuwa na alama hata moja ya kwato kwenye tope la ukingoni.